Kadi Yako Si Mtumbwi wa Babu

Quartier Swahili,
Rumonge.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Djibril,

Asalaam aleikum, na amahoro, amani ya huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, unalala vizuri, na kile kikohozi cha baridi kimekuacha. Vaa kofia. Najua vijana wa huko wanatembea kichwa wazi, lakini wao walizaliwa humo humo kwenye barafu na wewe ulizaliwa Rumonge.

Sisi huku hatujambo. Mama yako Riziki ni mzima, ila magoti yanamsumbua anapoinuka kwenye swala. Mimi presha imetulia tangu niache chumvi. Mvua ya kwanza imenyesha juzi na vumbi limelala. Ndagala za ziwani zimeanza kuonekana tena sokoni, ndogo ndogo, lakini zinanukia. Petroli bado ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mtu haendi Bujumbura mpaka awe na sababu ya maana.

Hongera tena kwa diploma yako. Ile picha uliyojipiga mwenyewe siku hiyo, umevaa joho na unacheka, mama yako ameichapisha na kuitia fremu. Iko ukutani pembeni ya picha ya marehemu baba yako, kaka yangu Hassani. Habari ya picha hiyo utaisikia tena huko chini, na hutaipenda.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Simu ipo, lakini simu ya mama yako ni ya ua mzima. Ujumbe wa sauti ukiingia unafunguliwa kwa sauti kubwa, na baba yako mdogo Amuri anausikia kabla ya mwenyewe. Nour, binti wa Mzee Majid mwenye duka la vitambaa, alikuja kwa harusi ya dada yake na keshokutwa anarudi Ubelgiji. Ameniahidi atakutafuta hapo Liège na kukupa bahasha hii mkononi kabla ya Ijumaa. Isome ukiwa peke yako.

Mwanangu, nimechukizwa. Nimechukizwa mpaka chakula cha nyumba hii hakishuki kooni. Nitakueleza sababu, na usijifanye mgeni unaposoma, maana na wewe umo.

Mwezi uliopita Amuri aliita watu kwa dua. Alisema tunamshukuru Mungu kwa diploma yako, na tunamwombea mwanawe Tahiri safari njema, kwa kuwa amepata viza ya matembezi ya huko kwako. Nilifurahi kama mjinga. Nilipika pilau kwa mikono yangu, nikaombea safari machozi yakinitoka. Watu walipokwisha kunawa ndipo Amuri akaeleza safari yenyewe ni ya nini. Tahiri haji kutembea. Anakuja kufanya kazi kwa kadi yako, ile ya ruhusa ya kazi. Wewe ufanye kazi mchana kwa jina lako, na yeye afanye usiku kwenye ghala jingine, kwa jina lako hilo hilo.

Sikuamini masikio yangu. Tulikuwa tumeomba dua juu ya uongo, na wali ule nilikuwa nimekwisha kuumeza.

Mimi niliuliza mbele ya watu kama ruhusa ya kazi ya mtu mmoja inatumiwa na watu wawili. Amuri alinicheka. Akasema, «Dada, mutumbwi iko moja, wavuvi iko wengi. Kibali iko ya nyumba, haiko ya mutu. Usiku ile kadi inafanya nini? Inalala?» Na wazee wazima, watu wa kwenda msikitini, wakatikisa vichwa kwamba maneno yana akili.

Wewe unajua yametoka wapi hayo. Mtumbwi wetu umeandikishwa kwa jina la babu yenu, naye amelala kaburini tangu hujaanza shule. Mpaka leo unavua kwa jina lake. Usiku unatoka na taa kwenda kwenye ndagala, asubuhi wengine wanaupakia madumu ya mawese, na mwezi ukiwa mkubwa wanauazima wakwe zetu wa Gatete. Mtu akiuliza mtumbwi ni wa nani, kila anayeshika kasia anataja jina la marehemu bila kupepesa macho. Tumezoea hivyo, na ziwani hapa hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Sasa wamechukua desturi ya mtumbwi wakaivalisha kadi yenye uso wako.

Tena si jambo la leo. Nakumbuka ulipokuwa bado mwanafunzi ulitueleza kwamba sheria ya huko inakuruhusu kufanya kazi saa chache tu, ili masomo yasiharibike, na kwamba hata bosi akikuomba uongeze unakataa. Nilijivuna kusikia hivyo. Amuri yeye aliuliza zile saa zinazobaki zinaachiwa nani. Tulidhani anatania, tukacheka wote. Kumbe alikuwa anaona mali inaoza.

Na ni wewe uliyenieleza mambo ya kadi hii mpya, polepole, kama mtoto anavyomweleza bibi. Kwamba umepewa mwaka mmoja baada ya diploma kutafuta kazi. Kwamba mwaka huo unaweza kufanya kazi yoyote ya halali, ndiyo maana uko kwenye ghala la vifurushi kwa sasa. Kwamba kabla mwaka haujaisha kampuni lazima ikuajiri na kukuombea kibali kingine, na kwamba ile kampuni inayotengeneza vyumba vya baridi vya kuhifadhia chakula, kazi uliyoisomea hasa, imekwambia uje mwezi wa kumi na moja. Ukanieleza pia kwamba doa moja tu linatosha kukurudisha nyumbani. Mimi niliyeishia darasa la nne nimeelewa. Baba yako mdogo aliyefika sekondari hataki kuelewa.

Sasa nije kwako. Siku ile ya dua walikupigia simu, wakaweka sauti kubwa, ua mzima unasikiliza. Amuri akakueleza mpango wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilishika ukingo wa mkeka nikingoja useme hapana. Ukasema, «Tutaona, baba mudogo.»

Tutaona! Mimi nilikubeba mgongoni, najua ukisema tutaona maana yake ni nini. Ulipokuwa mdogo ukiambiwa ukateke maji ulisema tutaona, na hukuteka. Lakini Amuri hakukulea yeye, na kwa masikio yake tutaona ni ndiyo ya mtu mwenye adabu. Watu walipiga vigelegele. Kesho yake mtaani wakawa wanampongeza kwamba ni mujanja, kwamba kichwa chake ni cha Mzungu. Nilipita sokoni nimejifunika kanga mpaka puani, si kwa sababu ya jua.

Wanasema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Baada ya dua, Amuri alitoa amri kwamba kuanzia siku ile ndani ya ua wetu Tahiri aitwe Djibril, ili azoee, asije akaitwa huko kazini akakaa kimya kama kiziwi. Mwanangu, waliitii. Watoto waliona ni mchezo. Wanawake jikoni wakaita «Djibril, ukuje kula», na mtu mzima mwenye ndevu, fundi wa mashine za mitumbwi anayeheshimiwa bandarini kote, anainuka na kuja. Akisahau, Amuri anamwamrisha arudi aketi, aitwe upya.

Mama yako siku ya kwanza aliposikia jina lako linaitwa uani alitoka mbio chumbani, kiatu kimoja mguuni. Alidhani umerudi. Alipomwona ni Tahiri akarudi ndani, akafunga mlango. Hajasema neno mpaka leo kwa sababu anaishi kwenye ua wa shemeji yake, na mjane hachagui maneno. Mimi nina ulimi kwa niaba yake. Jina lile tulilichinjia mbuzi, na baba yako ndiye aliyelitamka sikioni mwako. Lisiitwe kama filimbi ya mazoezi.

Na bado hujasikia. Sasa ndiyo naifikia ile picha.

Unajua kovu lako juu ya jicho. Ulilipata kwenye mashine ya mawese kule Kizuka, ulipoteleza kwenye makapi ukagonga chuma. Mimi ndiye niliyekukimbiza zahanati, damu yako imenilowesha begani, kwa hiyo usinifundishe liko upande gani. Liko kushoto. Basi Amuri aliangalia uso wa Tahiri, akaangalia wako, akasema pua ni ile ile, taya ni lile lile, limebaki kovu tu.

Nilikuwa sokoni mchana huo. Alimwita Lameki, kinyozi wa pale stendi, amnyoe Tahiri kama ulivyonyolewa wewe. Lameki akanyoa vizuri. Alipoambiwa achanje na ngozi ya juu ya jicho kidogo, alikunja shuka lake. Akasema, «Miye nanyoa nywele. Kukata mutu sijafundishwa.» Akaondoka bila hata kudai chake. Katika habari hii yote, huyo ndiye mwanamume niliyemwona.

Amuri alifanya mwenyewe. Alishusha picha yako ukutani, akamwekea mkewe mapajani aishike wima, akachukua wembe. Niliporudi na ndagala zangu nilimkuta Tahiri ameketi kwenye kiti cha plastiki, taulo jeupe limegeuka jekundu, nzi wameshafika. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia chini tu. Nilitema mate pale pale uani, mimi niliyekufundisha kwamba kutema mate mbele ya watu ni ushenzi.

Halafu nikamwangalia usoni, nikaona. Jeraha liko kulia.

Ile picha ulijipiga mwenyewe kwa simu, na simu yako inageuza mambo kama kioo. Wao walikata walichokiona kwenye fremu. Nilipowaambia hawakusadiki, mpaka mama yako alipotoka chumbani na ile picha yako ya shule ya msingi iliyopigwa na mpiga picha, akaiweka chini, akarudi ndani. Amuri aliitazama sana. Nilidhani sasa ataona haya, atajificha uso. Mwanangu, baba yako mdogo alisema haidhuru, hili la kulia likipona tutaweka na la kushoto kabla ya safari, na mtu akiuliza la kulia atasema alianguka.

Niliuchukua wembe nikautupa chooni. Kuna wembe mwingine dukani, najua.

Jeraha liliingia usaha. Wote waliokuwa hodari wa kushika picha hawakuwa hodari wa kushika kidonda, kwa hiyo nimelisafisha mimi kila jioni kwa maji ya moto na chumvi ile niliyoacha kuila. Harufu yake sitakueleza. Tahiri anakuja anaketi kwenye kizingiti changu, ananipa uso kama mtoto. Mimi nilikuwa na hasira naye pia, maana mtu wa umri ule ana miguu, angeweza kuinuka kwenye kile kiti.

Lakini Jumatano iliyopita nilimuuliza kama anataka safari hii. Akasema anataka kusoma mambo ya mashine, zile kubwa za meli, na kwamba alishawahi kumwambia baba yake amtafutie shule, akaambiwa shule ni ndefu na kadi iko tayari. Nilipomaliza kufunga kitambaa, nikamwita kwa jina lako bila kukusudia, kwa sababu masikio yangu nayo yamekwisha kuharibiwa. Alinishika mkono. Akasema, «Shangazi, wewe uniite Tahiri. Hata kama ni huku ndani kwako tu.»

Nilikwenda kukoroga uji uliokuwa hauhitaji kukorogwa.

Kwa hiyo nakuandikia. Ijumaa hii baada ya swala Amuri atakupigia tena ili uthibitishe, na watu watakuwepo. Anataka kukata tikiti wiki inayofuata. Ukisema tutaona, yeye atasikia ndiyo, na wembe utarudi upande wa kushoto. Mimi sina nguvu ya kumshika mkono mtu mzima, na mama yako hana sauti. Aliye na neno ni wewe, kwa sababu kadi ni yako.

Sema hapana. Iseme mapema, kabla hajamaliza salamu, tena kwa sauti, kwa kuwa simu itakuwa wazi kwa wote. Wala usijifiche nyuma ya sheria ukasema Wabelgiji ndio wanaokataa, maana atakwambia Wabelgiji hawaoni usiku. Sema ni wewe unayekataa. Watakuita mwenye roho mbaya, watasema Ulaya imekula moyo wako, watasema umewasahau waliokulea. Nitakuwa nimeketi pale pale kwenye mkeka, na mimi ni miongoni mwa waliokulea. Atakayesema hivyo atanijibu mimi.

Wala usidhani ninakutuma umtupe ndugu yako. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi sitaki Tahiri akaumbuke ugenini, ashikwe na kadi isiyo yake, arudishwe na jina lililochafuka, na la kwako limechafuka pamoja naye. Mtafutie habari za shule za mafundi, huko au hata hapa jirani, Kigoma au Kigali. Mwambie karatasi gani zinatakiwa na Kifaransa cha kiwango gani. Mwandikie yeye mwenyewe, si baba yake. Aombe kwa jina lake. Wakimkataa, wamkatae kwa jina lake, arudi kwenye mashine zake bandarini na uso wake ule ule, ajaribu tena mwaka unaofuata.

Na kazi yako ya vyumba vya baridi, usiicheze. Ulikaa darasani ukiwa na njaa, ukakataa saa ambazo wenzako walizichukua kwa siri, ukangoja ruhusa yako kama mtu mwenye akili. Kitu ulichokilinda hivyo hakigawanywi kwa zamu.

Nimekwisha kusema ya moyoni, na sasa hata chai nimeweza kuinywa. Ukiniona nimekuwa mkali, ujue ukali ule ule ndio uliokupeleka zahanati ya Kizuka kabla damu haijaisha.

Mama yako anakusalimu sana. Hajui ninachoandika, lakini aliniona na kalamu akaniletea taa ya karibu. Mzee Majid anakusalimu na kuuliza kama bado unapenda sambusa zake. Lameki kinyozi anakusalimu. Nimepita kwake leo asubuhi kumshukuru, akaona haya. Wadogo zako wote wa uani wanakusalimu. Baba yako mdogo Amuri hakunipa salamu kwa kuwa hajui, nami sitamsingizia.

Mungu akulinde na baridi na watu, akufungulie milango uliyoipigia hodi wewe mwenyewe, akurudishe kwetu siku moja ukiwa mzima na jina lako zima.

Mimi shangazi yako akupendaye,
Mwamini

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, Tahiri akaja kusafishwa jeraha. Nimeifungua tena kwa sababu na yeye ameleta salamu. Ameniomba nizitie mwisho kabisa, zikae pekee, nisizichanganye na za wengine, na niandike wazi kwamba anayekusalimu ni Tahiri.